Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia Fupi ya Ushirikiano wa Afya, Nyumbani na Hapa Oman

Kila ifikapo tarehe 9 Disemba, sisi tunaoishi Mabela na maeneo ya jirani hukutana kuikumbuka siku ile ya mwaka 1961, Tanganyika ilipojipatia uhuru. Watoto huvaa rangi za bendera, wali hupakuliwa, na wazee husimulia. Katika masimulizi hayo halikosekani neno la Mwalimu Julius Nyerere juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Watoto wetu waliozaliwa Muscat wamelisikia mara nyingi hata hulimalizia wao kabla ya mzee kufika mwisho.

Mwaka huu napenda tumzungumze huyo adui wa tatu. Tunajuaje kama tulimshinda, au tulimfukuza kidogo tu akazunguka akaingilia mlango wa nyuma? Maradhi hayakuwahi kupigwa vita na serikali peke yake. Kila mara ulihitajika ushirikiano: serikali, wafadhili kutoka nje, wataalamu, na wananchi ndani ya nyumba zao. Ushirikiano mwengine ulizaa matunda, mwengine ulizaa picha za siku ya ufunguzi. Kuutofautisha mmoja na mwengine si kazi ya wataalamu peke yao. Ni kazi yetu pia, kwa sababu nasi katika jumuiya yetu tuna mambo ya afya tunayoyaendesha, na bado hatujajiuliza vya kutosha yanaleta nini.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya afya nyumbani kwetu imejaa wageni wa namna hiyo. La kujiuliza ni kama mwenyeji aliendelea kuwa mzima baada ya mgeni kufunga mizigo yake.

Mwaka 1973: Mtu ni Afya

Tuanze Tanzania Bara. Katika salamu zake za kuukaribisha mwaka 1970, Mwalimu aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, uhuru ulipotimiza miaka kumi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo kwa njia ya redio yaliyoitwa Wakati wa Furaha. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakakijadili. Mpango ulikuwa mdogo, lakini ulionyesha kwamba njia hiyo inafaa.

Mwaka 1973 njia hiyo ikatumiwa kwa jambo kubwa zaidi, kampeni ya Mtu ni Afya. Matayarisho yalichukua zaidi ya mwaka mzima. Taasisi, Wizara ya Afya, Redio Tanzania na chama cha TANU walifanya kazi pamoja, na Sweden ikasaidia fedha. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa. Kwa muda wa majuma kumi na mawili, watu wapatao milioni 2 walikutana vijijini na mijini. Tukikumbuka kwamba sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na kidogo tu, wakubwa kwa wadogo, tutaona ukubwa wa jambo hilo. Wazee wetu waliokuwa Tabora, Tanga au Kigoma wakati huo huenda wanaikumbuka redio iliyowekwa katikati na watu kuizunguka.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kikundi kilisikiliza kipindi, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Walizungumza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na kila somo liliwadai kazi ya mikono: kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi, kuchemsha maji na, zaidi ya yote, kuchimba vyoo.

Ninaloona la kujifunza zaidi ni jinsi kampeni ile ilivyopimwa. Waandaaji hawakuridhika kuhesabu watu waliohudhuria. Katika vijiji vilivyochaguliwa, watathmini walipita nyumba kwa nyumba kabla ya masomo kuanza, wakatazama: kuna choo? Maji ya kunywa yanahifadhiwaje? Pana majani na madimbwi? Baada ya kampeni walirudi katika vijiji vilevile kutazama mambo yaleyale. Mabadiliko makubwa zaidi waliyaona kwenye vyoo. Kwa nchi nzima, vyoo vilivyochimbwa vilikadiriwa kuwa mamia ya maelfu.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na mpaka wake. Katika miaka hiyohiyo ya 1973 hadi 1976 iliendeshwa operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mamilioni ya watu walihama, na aliyehama aliiacha nyumba yake pamoja na choo alichokichimba. Mwishoni mwa muongo huo kipindupindu kikazuka kwa nguvu nchini. Redio iliweza kumfundisha mtu kuchimba choo, lakini haikuwa na uwezo wa kumhakikishia kwamba mwaka ujao bado atakuwa anaishi pale. Kwa hiyo kuhesabu mara moja baada ya kazi hakutoshi. Inabidi kurudi tena baada ya miaka.

Unguja na Pemba: mara tatu dhidi ya mbu

Tuvuke bahari. Mwaka 1958 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mradi wa kutokomeza malaria Unguja na Pemba. Visiwa vilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Mradi ulipita uhuru wa Disemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huo, na wapuliza dawa wakaendelea kuingia majumbani na pampu zao. Kabla ya mradi, zaidi ya watu 70 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na vijidudu vya malaria katika damu. Miaka kumi baadaye walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Ukitazama takwimu hizo peke yake utasema kazi imekwisha.

Mwaka 1968 mradi ukafungwa, na upulizaji uliokuwa ukitegemea fedha na wataalamu wa nje haukupata wa kuuendeleza kwa kiwango kilekile. Haukupita muongo mmoja malaria ikawa imerudi kwa nguvu. Zaidi ya hayo, mtu anayekua bila kuumwa malaria mara kwa mara hajengi kinga ya mwili dhidi yake. Kwa hiyo watoto waliozaliwa katika miaka ya mbu wachache walikutana na ugonjwa huo bila silaha.

Mara ya pili ilikuwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Marekani. Safari hii dawa ya DDT ilikuta mbu walioizoea. Fedha zilitumika, nyumba zilipulizwa, lakini malaria haikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwisho wa muongo mradi huo nao ukasimama.

Mara ya tatu ilianza mwaka 2003, Zanzibar ilipoacha klorokwini, ambayo ilikuwa haifui dafu tena, na kuanza kutoa dawa mseto bila malipo katika vituo vya serikali. Kuanzia mwaka 2005 na 2006 vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi, wakitangulizwa wajawazito na watoto wadogo, na upulizaji majumbani ukarejeshwa. Fedha nyingi zilitoka nje tena: Mfuko wa Dunia na mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria. Ndani ya miaka michache, waliokutwa na vijidudu wakawa chini ya mtu 1 katika kila 100.

Dawa na vyandarua vilikuwa bora kuliko vya zamani, na hilo lilisaidia sana. Pamoja na hayo, safari hii kazi haikukomea kwenye kupuliza na kugawa. Kuanzia mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutuma kwa simu ya mkononi idadi ya wagonjwa wa malaria kila wiki. Baadaye kila mgonjwa akawa anafuatwa: ofisa wa afya wa wilaya anapata taarifa, anapanda pikipiki, anakwenda nyumbani kwa mgonjwa na kuwapima wote wanaoishi humo. Anauliza pia kama kuna aliyesafiri karibuni. Sheha, ambaye anaijua kila nyumba katika shehia yake, akawa ndiye anayetoa kuponi ya chandarua kwa aliyekihitaji. Kazi ikawa mikononi mwa watu ambao hawatapanda ndege na kuondoka mradi ukifungwa.

Je, mara hii ndiyo mwisho? Hapana. Mwaka 2023 wagonjwa walianza kuongezeka tena kwa kasi visiwani. Na mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa moja ya nguzo za kazi hiyo. Kwa maneno mengine, swali la mwaka 1968 limebisha hodi tena. Tofauti ni kwamba sasa kuna masheha, maofisa wa wilaya na wauguzi wanaojua kumtafuta mgonjwa mpaka nyumbani kwake. Kama utaratibu huo utabaki hai kwa fedha zetu wenyewe, basi miaka ishirini iliyopita haikupotea. Ukifa, tutakuwa tumerudia kosa lilelile huku tukijua.

Oman: mgonjwa mmoja mmoja

Wanetu waliozaliwa hapa huona malaria kama ugonjwa wa "huko kwetu" tu, lakini Oman nayo ilikuwa nayo. Mwaka 1990 wagonjwa zaidi ya 30,000 waliandikishwa nchini. Mwaka 1991 ilianzishwa kampeni ya kuitokomeza, ikaanzia Sharqiya na kuenea mikoa mingine. Wafanyakazi walipita kwenye mabwawa, visima, mabonde na mifereji ya falaji wakiwaua viluwiluwi vya mbu kwenye maji. Kila mgonjwa aliandikwa, akatibiwa na kufuatiliwa. Katikati ya miaka ya 2000 ikapita miaka bila mtu hata mmoja kuambukizwa malaria ndani ya nchi. Baada ya hapo ilizuka milipuko midogo, na kila mmoja ukazimwa, kwa sababu wa kuutazama alikuwapo.

Katika historia hiyo sisi hatukuwa watazamaji. Abiria waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wakipimwa damu uwanja wa ndege wa Seeb, na bila shaka miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wapo wanaokumbuka kuchomwa kidole kabla ya kuwafikia jamaa waliokuwa wakiwangoja nje. Wako walioona wanadhalilishwa. Lakini ukitazama ilivyokuwa, kipimo kile kilimlinda kwanza yule abiria aliyekuwa akiubeba ugonjwa bila kujua, kisha majirani zake. Mbu wa Oman bado wapo, kinachokosekana ni vijidudu vya kubeba.

Jambo hilo halijapitwa na wakati. Kutoka Muscat hadi Zanzibar ni safari ya ndege ya saa tano hivi. Tunawapeleka watoto likizo kwa bibi zao, watoto ambao miili yao haijawahi kuonana na malaria. Mzazi aliyekulia Pangani au Chake Chake hudhani mwanawe ni mgumu kama alivyokuwa yeye, na hajui kwamba kinga aliyoipata utotoni hairithiwi, na hata yeye mwenyewe imekwisha kupungua kwa kukaa huku miaka mingi. Anayesafiri amuulize daktari juu ya dawa za kujikinga kabla ya kuondoka na alale ndani ya chandarua akiwa huko. Akirudi na homa, hata ikiwa wiki kadhaa zimepita, amwambie daktari mapema: nilikuwa Afrika.

Oman inatupa mfano mwengine ulio karibu na maradhi yetu ya leo. Mwaka 1999 mjini Nizwa ulianzishwa mradi wa maisha yenye afya, wananchi na wataalamu pamoja, dhidi ya kisukari, shinikizo la damu, unene na tumbaku. Na tangu miaka ya 1990 akinamama wa kujitolea, waliopewa mafunzo na Wizara ya Afya, wamekuwa wakizungumza na jirani zao juu ya kunyonyesha na lishe. Hawa nao ni kama masheha wetu: watu wanaojulikana mtaani, ambao wataonana tena kesho na waliyemshauri leo.

Na sisi hapa Mabela?

Hapa napenda tujitazame wenyewe, kwa upendo lakini bila kufichana.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Oman mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 16 katika kila 100 wana kisukari, na takriban theluthi moja wana shinikizo la damu. Adui wa tatu, kwa hiyo, hayuko mbali na majumba yetu. Jumuiya kama zetu zimeitikia kwa kuandaa siku za kupima afya. Madaktari na wauguzi wa kwetu hujitolea Ijumaa yao, meza hupangwa, watu hupanga foleni, sukari na presha hupimwa. Mwisho wa siku hupigwa picha, na katika ripoti huandikwa idadi ya waliopimwa.

Kuna mama mmoja wa kwetu, ambaye ameniruhusu nieleze habari yake bila jina. Alipimwa katika siku ya namna hiyo, sukari ikaonekana juu. Akaambiwa aende kituo cha afya. Mwaka uliofuata akaja tena, sukari bado juu, akaambiwa tena aende. Hakwenda. Alikuwa na wajukuu wa kuwaangalia, gari ni la mwanawe ambaye hurudi jioni, na Kiarabu chake cha mbele ya daktari ni cha kubabaisha. Mwaka wa tatu hakuja. Tulipomuulizia, tukaambiwa yuko hospitali amekatwa vidole viwili vya mguu. Katika ripoti zetu, mama huyu amehesabiwa mara mbili kama mafanikio.

Siandiki haya kumlaumu muuguzi aliyempima wala kamati iliyoandaa siku ile. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walioshika orodha, na karatasi ile ilikaa kwenye droo yangu. Tulifanya kama wapuliza dawa wa mwaka 1968: kazi njema, iliyoishia siku tulipofunga mizigo. Wala hatukufanya kama wale wa Mtu ni Afya, waliorudi nyumbani kwa mtu kutazama nini kimebadilika. Na mama yule hakuhitaji mashine wala fedha za wafadhili. Alihitaji mtu wa kumpigia simu wiki inayofuata, wa kumpeleka kwa gari asubuhi moja, na wa kukaa naye amfasirie.

Mambo hayo jumuiya yetu inayaweza. Tuna vijana wenye magari na Kiarabu safi, waliosoma skuli za hapa. Tuna akinamama wanaojua nani anakaa wapi kuanzia Mabela Kaskazini hadi Kusini. Tuna wauguzi na wafamasia. Na kila msiba au harusi hutuonyesha kwamba tukitaka kumfikia kila mtu kwa siku moja, tunamfikia.

Kwa hiyo napendekeza haya kwa kamati na kwa kila familia. Siku ya kupima afya ijayo, kila atakayekutwa na tatizo aandikwe kwa idhini yake, na siri yake itunzwe na watu wawili tu. Apewe mtu wa kumfuata, kijana au mama wa mtaani kwake. Baada ya mwezi aulizwe: ulikwenda? Kama hukwenda, kipi kilikuzuia? Baada ya miezi sita aulizwe tena. Na katika jarida la Disemba mwakani, pamoja na idadi ya waliopimwa, tuchapishe idadi ya waliofika kwa daktari na walioendelea na matibabu. Idadi hiyo huenda ikawa ndogo hata ikatutia aibu. Tuichapishe hivyohivyo, kwa maana ndiyo itakayotwambia tuanzie wapi mwaka unaofuata.

Nanyi watoto, mkimaliza kuimba na kula, mkaeni karibu na bibi au babu mmuulize alikuwa wapi mwaka 1973, alisikiliza redio gani, nani alichimba choo cha kwao. Kisha muulizeni kama anakunywa dawa zake, na lini mara ya mwisho alimwona daktari. Akisema hana wa kumpeleka, mwambieni baba au mama leoleo, kabla hamjalala.